Mvua ya Mawe Itaanguka Wapi? Mipaka ya Utabiri wa Hali ya Hewa

Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Machi, nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne huko Bugarama, kandokando ya barabara itokayo Kahama kwenda Geita. Nilikuwa nimetayarisha mazungumzo juu ya mzunguko wa maji, mada ambayo kila mwalimu wa jiografia anaijua kwa moyo. Sikufika mbali. Kijana mmoja aliyeketi nyuma alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, ikiwa setilaiti zinaliona wingu tangu linapozaliwa, kwa nini watu wa Mwakata hawakutajiwa kwamba mawe yatawaangukia wao?" Darasa zima likanyamaza, likinitazama.

Kwa watu wa eneo hilo swali hili si la mtihani. Usiku wa Jumanne, tarehe 3 Machi 2015, mvua kubwa iliyoandamana na upepo mkali na mawe ya barafu iliipiga Mwakata, wilayani Kahama, katika eneo la Halmashauri ya Msalala, ambamo Bugarama nayo imo. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, makumi ya wengine walijeruhiwa, na maelfu walibaki hawana makao wala akiba ya chakula. Wengi wa waliokufa waliangukiwa na kuta za nyumba zao wenyewe, kuta za udongo na matofali mabichi ambazo zililowa, zikasukumwa na upepo, zikaporomoka. Mifugo ilikufa, mazao yakapondwa shambani. Na kama ilivyo desturi ya dhoruba za namna hii, maafa yalikuwa ya eneo dogo: sehemu kubwa ya mkoa wa Shinyanga ililala salama usiku huohuo.

Jibu nililompa kijana yule halikuniridhisha. Nilisema kwa haraka kwamba vyombo vyetu ni vichache. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli, na pengine ni ile nusu iliyo ndogo. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya.

Yafaa tuanzie mbali, mahali ambapo vyombo si vichache. Wiki tano tu kabla ya msiba wa Mwakata, dhoruba ya majira ya baridi ilikuwa ikiikaribia pwani ya mashariki ya Marekani. Watabiri wa nchi ile, wenye rada, setilaiti na kompyuta zenye nguvu kupita zote tunazoweza kuzitamani, walitangaza kwamba jiji la New York litarajie theluji yenye kina cha sentimita 50 hadi 75. Usiku wa tarehe 26 Januari 2015 barabara zilifungwa, na hata treni za chini ya ardhi zikasimamishwa, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa sababu ya theluji tangu treni hizo zianze kwenda mwaka 1904. Kulipokucha, theluji iliyopimwa katika bustani ya Central Park ilikuwa sentimita 25 hivi. Wakati huohuo sehemu za Long Island, ambazo mtu huzifikia kwa gari kwa muda wa saa moja au mbili, zilikuwa zimezikwa chini ya sentimita zaidi ya 60, na mji wa Worcester katika jimbo la Massachusetts ulipata karibu sentimita 88. Mkuu wa ofisi moja ya utabiri ya eneo jirani aliwaomba radhi wananchi hadharani.

Je, walikosea? Dhoruba ilikuja siku waliyoitaja, kwa nguvu waliyoitaja. Kilichokosewa ni mahali ulipopita ukingo wake wa magharibi. Dhoruba ya aina hiyo ina upana wa kilomita 1,000 au zaidi, na ukanda wa theluji nzito ulijisogeza upande wa mashariki kwa makumi machache ya kilomita. Ukiitazama dhoruba nzima kwenye ramani, kosa hilo ni dogo, pengine si kosa la kutajwa. Lakini mkazi wa New York hakai kwenye dhoruba nzima. Anakaa mtaani kwake, na mtaani kwake utabiri ulikuwa umepotoka zaidi ya nusu.

Niliishi ng'ambo miaka kadhaa nikisomea shahada ya udaktari, katika mji uliofunikwa na theluji kila mwaka, na jambo lililonistaajabisha ni kwamba hata wenyeji waliozeekea pale hawakuwa na hakika nayo. Sababu moja ni kwamba theluji haitegemei wingi wa maji peke yake. Kwa kawaida maji ya milimita 1 hutoa theluji yenye kina cha kama sentimita 1, lakini uwiano huo haukai mahali pamoja. Theluji yenye majimaji hulala nyembamba na nzito. Theluji ya baridi kali hufura kama pamba iliyochambuliwa. Tena hewa iliyo karibu na ardhi ikiwa na joto la nyuzi mbili tatu zaidi, kinachofika chini ni mvua tupu na hakuna theluji hata kidogo. Mtabiri wa kule basi huulizwa maswali matatu kwa mpigo: maji kiasi gani, katika halijoto gani, na ukingo utapita wapi. Akikosea kidogo katika kila moja, jumla ya makosa hayo haiwi ndogo tena.

Sasa turudi Bugarama, ambako tatizo ni la namna nyingine, na kwa maoni yangu ni gumu zaidi.

Jinsi wingu la mawe linavyojengwa

Huku kwetu, digrii tatu tu kusini ya Ikweta, hatuna zile dhoruba pana zinazoweza kufuatwa kwenye ramani kwa siku tano zikivuka bahari. Mvua zetu nyingi huzaliwa hapa hapa, huishi saa moja au mbili, na kufa hapa hapa. Asubuhi ya Machi aghalabu ni tulivu. Jua hupasha ardhi, lakini haliipashi sawasawa: mbuga nyeusi yenye maji, majaruba ya mpunga, mapaa ya mabati, na marundo ya kifusi kwenye machimbo ya dhahabu, kila kimoja hupokea joto kwa kadiri yake. Hewa iliyo juu ya mahali penye joto zaidi hupanuka, huwa nyepesi, na kuanza kupanda.

Hewa inayopanda hupoa, karibu nyuzi 10 za sentigredi kwa kila kilomita, maadamu mvuke wake haujaanza kugeuka kuwa maji. Mvuke unapoanza kugeuka kuwa matone, mambo hubadilika. Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba ili maji yawe mvuke sharti yapewe joto jingi, na joto hilo hujificha ndani ya mvuke. Linapoachiliwa wingu huwaka kama injini iliyotiwa mafuta. Kila kilo ya mvuke inayogeuka kuwa maji huachilia joto linaloweza kutoa zaidi ya kilo 7 za maji kwenye nyuzi 20 na kuzifikisha nyuzi 100. Na mvua ya milimita 1 tu juu ya kilomita moja ya mraba ni tani 1,000 za maji. Msomaji afanye hesabu mwenyewe kwa mvua ya milimita 30 juu ya kata nzima, ndipo atakapoelewa kwa nini wingu la radi huweza kupanda kwa kimo cha kilomita 12 au 15.

Juu yetu, kiwango cha nyuzi 0 hupatikana kwenye kimo cha kama kilomita 4.5 hadi 5 kutoka usawa wa bahari. Ardhi ya Bugarama iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo barafu haiko mbali nasi: ni kilomita 3.5 hivi juu ya kichwa. Hapo ndipo mawe yanapozaliwa. Matone mengi ndani ya wingu hubaki maji hata baada ya kupoa nyuzi 10 au zaidi chini ya 0, kwa kuwa hayana kitu cha kugandia. Punje ya barafu inapopita katikati yake, matone huigonga na kuganda juu yake papo hapo, nayo hunenepa. Mkondo wa hewa upandao ukiwa dhaifu, punje huanguka ikiwa bado ndogo na kuyeyuka njiani. Ukiwa na nguvu, huishikilia juu na kuilisha. Jiwe lenye kipenyo cha sentimita 2 huanguka kwa kasi ya kama mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Hivyo, ili likue kufikia ukubwa huo, lazima hewa iwe imepanda kwa kasi inayokaribia hiyo. Ukiokota jiwe la namna hiyo na kulipasua kwa kisu kabla halijayeyuka, mara nyingi utakuta limepangwa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu.

Hiyo ndiyo sababu mvua ya mawe ni nadra sana Dar es Salaam au Tanga, ambako jiwe linalazimika kuvuka karibu kilomita 5 za hewa ya joto, na si nadra katika nyanda za juu. Mashamba ya chai ya Kericho na Nandi, upande wa pili wa Ziwa Viktoria huko Kenya, yanajulikana duniani kwa wingi wa siku za mawe. Katika miaka ya 1960 ndege zilianza kutumwa kule kupulizia mawingu chembe za kemikali ya fedha, ili mawe yawe mengi lakini madogo, yasiyodhuru majani ya chai. Iwapo zilifaulu kweli au la ni jambo lililobishaniwa sana, na sababu ya ubishi huo ni ileile tunayoichunguza hapa: ni vigumu kuthibitisha kwamba umezuia kitu ambacho hukuweza kujua kingeanguka wapi.

Sufuria na kifuniko

Weka sufuria pana ya maji jikoni, uwashe moto. Ukijua ukali wa moto na wingi wa maji, waweza kusema kwa hakika kwamba baada ya dakika kadhaa maji yatachemka. Lakini jaribu kusema povu la kwanza litatokea upande gani wa sufuria. Hata ukiirudia kazi hiyo mara mia, sufuria ileile na maji yaleyale, povu halitaanza mahali pamoja. Mwanya mdogo usioonekana katika bati, chembe ya chumvi, mtikisiko wa meza, ndivyo vinavyoamua. Mtabiri anayetazama alasiri ya Machi juu ya Shinyanga na Geita yumo katika hali hiyohiyo. Kwamba anga itachemka, anajua. Povu litatokea wapi, hajui, na hakuna anayejua.

Tena sufuria hii ina kifuniko. Mara nyingi juu ya hewa ya chini hutanda tabaka la hewa kavu yenye joto zaidi kuliko ile inayojaribu kupanda, nalo huizuia. Siku nyingine kifuniko hakifunguki kabisa, na watu husema mtabiri amewadanganya. Siku nyingine kinafunguka mahali pamoja tu, pengine kwa sababu hewa ya hapo ilikuwa na joto la nusu nyuzi zaidi, na nguvu zote zilizokuwa zimekusanyika tangu asubuhi hutokea kupitia mwanya huo mmoja. Siku za kifuniko kigumu ndizo za kuogopwa, maana wingu linalofaulu kutoboa halina mshindani.

Halafu kuna Ziwa. Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, hufanya kama moyo wa hali ya hewa ya ukanda wetu. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kuja barani. Usiku mambo hugeuka. Mahali upepo wa ziwa unapokutana na upepo wa mashariki uvumao nchini, hewa haina pa kwenda ila juu. Mstari huo wa makutano huhama kila siku. Zaidi ya hayo, wingu la radi linapokufa humwaga hewa baridi inayotambaa juu ya ardhi pande zote (ndio ule upepo wa ghafla wenye harufu ya udongo unaotangulia mvua), na hewa hiyo hunyanyua hewa ya joto mbele yake, na kuzaa wingu jingine kilomita kadhaa kutoka pale. Hivyo wingu la saa kumi jioni hutegemea wingu la saa tisa, na la saa tisa hutegemea la saa nane. Aliyekosea la kwanza kwa kilomita tano hana tena msingi wa kusema habari za la tatu.

Kompyuta ya mwaka 1961

Wengi hudhani kwamba mashaka haya yatakwisha siku kompyuta zitakapokuwa na nguvu za kutosha. Mtu aliyeonyesha kwamba sivyo ni Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani. Mwaka 1961 alikuwa na milinganyo michache inayoiga mwendo wa anga, na kompyuta iliyokuwa ikiikokotoa pole pole. Siku moja alitaka kurudia sehemu ya hesabu, akaingiza tarakimu alizozisoma kwenye karatasi ya majibu: badala ya 0.506127 iliyokuwa ndani ya mashine, yeye aliandika 0.506. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi alikuta hali ya hewa ya kuigiza ilifuatana na ile ya kwanza kwa muda, kisha ikaiacha kidogo, kisha ikawa haifanani nayo kwa lolote. Tofauti ndogo kuliko sehemu moja katika elfu ilikuwa imemeza utabiri wote. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1963 na yamebaki kuwa msingi wa elimu hii hadi leo.

Hakuna kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa kinachopima hadi tarakimu ya sita baada ya nukta, wala hakuna nchi yenye kipimajoto katika kila shamba. Kwa hiyo tofauti ya Lorenz ipo daima. Kwa dhoruba pana za nchi za baridi huchukua siku nyingi mpaka ikue na kuharibu utabiri. Kwa wingu lenye upana wa kilomita 5 huchukua saa moja au mbili tu. Hapa ndipo ugumu wetu unapozidi ule wa New York: wao walikosea ukingo wa kitu kikubwa, sisi tunatakiwa kutabiri kitu ambacho chote, toka mwanzo hadi mwisho, ni kidogo kuliko kosa lao.

Na wavu wenyewe una matundu. Kompyuta huigawanya anga katika visanduku, na kwa kila kisanduku huweka halijoto moja, unyevu mmoja, upepo mmoja. Katika mitambo bora inayotabiri dunia nzima, kama ile ya kituo cha nchi za Ulaya, ubavu wa kisanduku ni kilomita 9 hivi. Ipo pia mitambo ya eneo letu yenye visanduku vya kilomita 4 au pungufu. Wavuvi wa Ziwa watanielewa nikisema kwamba wavu wa sangara haunasi dagaa. Wingu la kilomita 5 hupenya katikati ya matundu hayo, na kompyuta hukisia tu kuwapo kwake kutokana na hali ya kisanduku kizima.

Tangu mwaka 1992 watabiri wa Ulaya na Marekani wamechagua njia ya unyofu zaidi. Badala ya kukokotoa mara moja, hukokotoa mara nyingi, pengine mara 50, kila mara wakibadili kidogo hali ya mwanzo kwa makusudi, kama Lorenz alivyofanya bila kukusudia. Majibu 50 yakifanana, wanasema kwa uhakika. Yakitawanyika, hutangaza uwezekano, au kwa lugha ya vitabu vyetu vya hisabati, uyamkini.

Uyamkini huu hufahamika vibaya sana, hata na watu waliosoma, kwa hiyo naomba mwalimu wa hisabati aupe kipindi kimoja. Chukua eneo la mraba lenye ubavu wa kilomita 50, yaani kilomita za mraba 2,500. Tuseme mtabiri amepewa ufunuo, na anajua bila shaka yoyote kwamba leo jioni mawingu manne makubwa yatapita hapo, kila moja likiwa na upana wa kilomita 5 na likisafiri kilomita 20 kabla ya kufa. Kila wingu litalowesha kilomita za mraba 100. Yote manne, kama hayakukanyagana, 400. Gawanya 400 kwa 2,500: asilimia 16. Kwa eneo zima, mvua ya radi ni hakika. Kwa kijiji chochote utakachokitaja, uwezekano wa kupigwa ni kama mmoja katika sita. Mtabiri akisema "mvua ya radi katika baadhi ya maeneo", amesema kweli tupu. Wanakijiji watano katika sita watalala wakavu na kumcheka kesho yake. Wa sita hatacheka.

Zamani watemi wa Usukuma walibeba dhamana ya mvua, na ilipokosekana lawama ziliwafikia wao. Wakati mwingine nadhani mtabiri wa siku hizi amerithi kiti hicho bila kurithi heshima yake.

Vyombo, na kazi ya saa moja

Sasa turudi kwenye ile nusu ya ukweli niliyompa kijana wa Bugarama. Vyombo haviwezi kutuambia asubuhi kwamba jioni mawe yataanguka Mwakata. Vinaweza kutuambia, wingu likishazaliwa, kwamba lipo na linaelekea wapi, na hapo dakika 30 au 60 ni mali. Setilaiti mpya ya Ulaya iliyorushwa Desemba 2022 inaweza kuipiga picha Afrika kila baada ya dakika 10 na kuhesabu miali ya radi. Rada huona zaidi: hutuma mawimbi, na mawe ya barafu huyarudisha kwa nguvu nyingi kuliko matone ya kawaida.

Lakini rada nayo ina jiometri yake. Iliyo karibu zaidi na Bugarama ni ile ya Mwanza, kama kilomita 90 kwa mstari ulionyooka. Mwale wa rada ukielekezwa nusu digrii juu ya upeo wa macho, na ukizingatia kwamba dunia inajikunja chini yake, ukifika Bugarama upo kilomita 1.2 hivi juu. Ukifika Isaka, ambako ni kama kilomita 150, umezidi kilomita 2.5. Yanayotendeka chini ya hapo, pamoja na ule upepo unaoangusha kuta, hauyaoni. Na puto za kupimia hewa ya juu, ambazo ndizo zinazoweza kutuambia kama kifuniko cha sufuria ni kigumu au laini, hurushwa katika vituo vichache mno Afrika Mashariki nzima.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa maonyo yake kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Pamoja na ngazi, tangazo hutaja mambo mawili ambayo wengi huyaruka, nayo ni uwezekano wa jambo kutokea na kiwango cha athari zake. Hayo mawili si kitu kimoja. Uwezekano mdogo wa athari kubwa ni jambo zito kuliko uwezekano mkubwa wa athari ndogo. Mkulima anayeanika mpunga anaweza kuupuuza uwezekano wa mmoja katika sita. Akipoteza, amepoteza siku moja ya jua. Mchimbaji mdogo aliye chini ya duara, mita makumi kadhaa ndani ya ardhi, hawezi. Januari 2024 machimbo ya Ng'alita wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, yaliporomoka katika kipindi cha mvua kubwa, na watu 22 wakafa. Duara lisilo na maji leo si ushahidi kwamba kingo zake zitasimama kesho. Mwalimu mkuu mwenye darasa ambalo ukuta wake umepasuka yumo katika fungu la mchimbaji, si la mkulima, na hesabu yake haihitaji kungoja mtabiri ataje jina la shule.

Lipo jambo moja ambalo shule zaweza kulifanya, na halihitaji fedha. Kopo lolote lenye kuta zilizosimama wima, likiwekwa mahali pa wazi mbali na miti na mapaa, ni kipimamvua. Kina cha maji kwa rula, kikisomwa kila siku saa tatu asubuhi, ni milimita za mvua. Upana wa mdomo wa kopo haubadilishi jibu, na ni zoezi zuri kumwuliza mwanafunzi kwa nini. Siku ya mawe, yaokotwe makubwa zaidi na kupimwa kipenyo kabla hayajayeyuka, na saa iandikwe. Shule moja ikifanya hivyo, imepata daftari. Shule zote zilizo kandokando ya barabara ya Kahama hadi Geita zikifanya hivyo kwa saa ileile, na kulinganisha madaftari mwisho wa muhula, zitakuwa zimechora umbo la mawingu yao wenyewe, jambo ambalo rada ya Mwanza haiwezi kulifanya kutoka kilomita 90. Ningependa kuyaona madaftari hayo, hasa kurasa za siku ambazo shule moja iliandika 40 na ya jirani ikaandika 0.